Je wajua kwa nini ukijikuna upupu ndo unazidi kuwasha?

Mwezi wa sita dogo wetu mmoja alienda kusaidia kusafisha shamba huko milimani Mpwapwa, na kipindi hicho maganda ya upupu yashakauka halafu upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, karudi nyumbani anajikuna shingo, mikono, hadi tumboni, machozi yanamtoka, na sisi badala ya kumsaidia tukaanza na kucheka. Mmoja akagugo, akaja na maelekezo ya mmea wa Marekani unaoitwa poison ivy, kwamba uoge na sabuni chapchap umeze dawa ya aleji. Basi dogo kaingia bafuni kajisugua na dodoki kwelikweli, katoka huko hali mbaya kuliko alivyoingia.

Kosa ni kwamba hiyo mimea miwili haifanani hata kidogo. Poison ivy inadhuru kwa mafuta, yanaitwa urushioli, yanagandia kwenye ngozi, kisha kinga ya mwili ndo inayakataa, mara nyingi vipele na malengelenge vinakuja kesho yake au keshokutwa. Ndo maana wenzetu wanakimbilia sabuni, ukiwahi unayatoa kabla hayajazama.

Upupu hausubiri kesho! Ganda lake limejaa vinyweleo, kila kimoja ni kisindano cha kama milimita mbili tatu hivi, na kina protini inaitwa mukunaini. Hiyo ni kimeng'enya, kazi yake kukata protini zingine, ikishadungwa kwenye ngozi inaamsha neva zinazopeleka taarifa ya muwasho kwenye ubongo. Watafiti Shelley na Arthur walishaieleza mwaka 1955, na mwaka 2008 watafiti wengine wakaonyesha inagusa vipokezi gani, yaani zile sehemu za seli zinazopokea ishara. Njia hiyo haipitii histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa aleji na ambayo Piriton inaizuia, kwa hiyo Piriton kwa muwasho wa upupu haifui dafu sana, labda ikupe usingizi tu. Kitu kingine kinachonifurahisha, joto kali linaiua hiyo protini, maabara wakishapika vile vinyweleo vinabaki kuchoma kidogo tu, muwasho hamna.

Sasa ukijikuna unafanya nini? Unavisukuma visindano ndani, vingine unavivunja, vingine unavihamisha kwa kucha kutoka mkononi kwenda shingoni. Kusugua na dodoki ndo hivyo hivyo.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuving'oa. Toka kwenye upepo, vua nguo taratibu bila kuzikung'uta, halafu chukua selotepu, bandika, bandua, tupa, chukua kipande kingine. Kama huna, bonge la ugali uliopoa linafanya kazi, unalikandamiza na kulinyanyua, usilisugue (na huo ugali asije akaula mtu, nasema kwa sababu nyumba yetu naijua). Ukimaliza ndo maji ya baridi yatiririke juu, kisha paka losheni ya kalamini. Mavi ya ng'ombe ambayo wazee wengine wanasifia mimi hapana, ngozi ishachubuka kwa kucha halafu unapaka kinyesi, unatafuta pepopunda. Mafuta ya taa nayo yanaunguza.

Vikiingia machoni usifikiche, osha kwa maji safi mengi uende hospitali, na mtu akianza kuhema kwa shida usihangaike na selotepu, mkimbizeni. Zile nguo zifue peke yake, maana dogo alizitupa kwenye beseni la wote na jumapili baba mdogo akajikuna kanisani ibada nzima.

Ila ule ushauri wa sabuni msiutupe. Ndugu wa poison ivy tunao huku huku, ni mkorosho na mwembe, ukoo mmoja kabisa. Wale mnaolima korosho Manyoni, yale mafuta ya ganda yanayobabua mikono yana kemikali zinazokaribiana na urushioli. Hapo ndo unawahi sabuni na maji, selotepu haina kazi.