Kwa Nini Udongo wa Juu ya Kilima Ni Mwekundu na wa Bondeni Ni Mweusi?

Ukishuka mteremko mmoja katika Kanda ya Ziwa au Tanzania ya kati, mwendo wa kilomita moja au mbili unatosha kukanyaga udongo wa aina tatu: mwekundu huku juu, kichanga cha kijivu ubavuni, mfinyanzi mweusi mbugani. Mara nyingi mwamba uliouzaa ni uleule, na mvua ni ileile. Kinachotofautiana ni maji: wapi yanapita na wapi yanatuama. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliueleza mpangilio huu mwaka 1935 na kuuita katena. Wasukuma nao wana majina yao: luseni ni kile kichanga, itogolo ni udongo wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga ndiyo mfinyanzi mweusi.

Wekundu ni kutu. Juu ya kilima maji hushuka upesi, hewa hupenya, na chuma kilichotoka kwenye mwamba hushika kutu. Unyevu ukikaa muda mrefu zaidi, rangi huelekea kahawia au njano. Udongo ukijaa maji kwa majuma kadhaa, oksijeni huisha, na vijidudu hutumia kutu hiyo badala yake. Chuma huyeyuka na kuondoka na maji, udongo unabaki kijivu. Kwa hiyo ukichimba wakati wa kiangazi ukakuta madoadoa ya kutu kwenye udongo wa kijivu, umeshajua maji ya masika hupanda hadi kina gani. Mizizi ya mahindi haitapenda kuishi hapo.

Maji yanayoshuka hubeba madini ya silika, kalisi na magnesi kutoka juu, kisha huyakusanya bondeni. Humo huzaliwa mfinyanzi unaonyonya maji katikati ya tabaka zake ndogo, ukavimba, halafu ukasinyaa ukikauka. Ndiyo sababu mbuga hupasuka nyufa zinazozidi sentimita 1 kwa upana na kushuka zaidi ya nusu mita.

Wengi huukosea udongo huu kwa weusi wake, wakidhani umejaa mboji. Mara nyingi mboji haifiki hata asilimia 3. Kiasi kidogo tu kilichogandamana na mfinyanzi kinatosha kuutia weusi. Una kalisi nyingi, ni kweli, lakini unaweza kuwa na njaa ya naitrojeni, fosforasi na zinki. Rangi inakueleza habari za maji. Habari za rutuba zinahitaji kipimo.

Huku juu tatizo ni jingine. Mvua ya miaka mingi imeosha kalisi, udongo umekuwa na asidi, na oksidi za chuma na alumini hushika fosforasi isiweze kufyonzwa. Mbolea ya kupandia ukiirusha shamba zima, sehemu kubwa hunaswa. Iweke kwenye shimo la mbegu, sentimita 5 hivi pembeni au chini, isigusane na mbegu isije ikaiunguza. Chokaa iwekwe tu pale kipimo cha asidi ya udongo (pH) kinapoidai.

Ubavuni, kwenye kichanga, panda karanga, njugu mawe, viazi vitamu au mihogo, na mbolea ya kukuzia igawe mara mbili au tatu, kwani mvua moja kubwa huishusha chini ya mizizi.

Mbugani kazi ngumu ni kulenga siku ya kulima. Udongo ukiwa mbichi, jembe huupaka kama lami na tabaka linaziba. Ukikauka, ni mawe. Chukua bonge kutoka kina cha sentimita 10 ulibonyeze: likisagika vipande vidogo, ingia shambani, likinyooka kama ugali, subiri. Mpunga unafaa, pia pamba na mtama juu ya matuta mapana yenye mifereji ya kutoa maji, na dengu mwishoni mwa mvua kwa unyevu uliobaki. Miche ya matunda huumia humu, maana nyufa hukata mizizi.

Kujua shamba lako liko wapi katika mteremko huu, chimba mashimo matatu ya kina cha sentimita 60: juu, katikati na chini. Lowesha udongo wa kila shimo, ukande, kisha usukume kwa kidole gumba juu ya cha shahada utoke utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, hauna mfinyanzi mwingi. Ukipita sentimita 5, ni mfinyanzi. Dondoshea siki: ikichemka povu, kuna chokaa ya asili, usiongeze nyingine.

Sampuli ya maabara ichukuliwe kina cha sentimita 0 hadi 20, sehemu 15 hivi kwa kuzigizaga, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki na kutoa nusu kilo. Epuka vichuguu, mahali pa zizi la zamani na palipochomwa moto. Na usichanganye udongo wa juu na wa mbugani katika mfuko mmoja: majibu yatakuwa ya wastani wa shamba lisilokuwepo, na mbolea utakayonunua kwa majibu hayo haitafaa huko juu wala bondeni.