Kinachomfanya mama akubali kupimwa matiti

Mwanamke ninayempima matiti hapa Tanga mara nyingi hakuja kwa ajili hiyo. Kaleta mtoto chanjo, kafuata sindano ya uzazi wa mpango, au kamsindikiza mkwewe mwenye presha. Mimi ni muuguzi mkunga. Nikishamaliza kilichomleta, namuuliza kama yuko radhi nimpapase matiti na makwapa. Ni dakika chache, kwa vidole tu.

Zamani niliamini hofu ya saratani ndiyo inayowasukuma. Kwa niliyoyaona, hofu humkalisha mtu nyumbani. Ukimtajia saratani anaona ziwa linakatwa, mume anaoa mwingine, na nauli ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Anayewaleta ni mwenzao. Kuna siku walikuja wanne kutoka Makorora, wa kikoba kimoja. Mmoja wao alipimwa kabla, akawasimulia kwamba nesi ni mwanamke, pazia linafungwa, na unabaki na kanga yako mwilini. Mtu mzima kati yao akaniambia, “Mwanangu, nataka nami nilale usingizi kama anavyolala mwenzangu.”

Aliyeuguza mama au dada mwenye saratani ya matiti huja tofauti. Hukaa kimya, huingia wa mwisho. Huyo simharakishi. Ni kweli uwezekano wake wa kuugua huongezeka, ila wanawake wengi wanaopata saratani ya matiti hawana ndugu aliyewahi kuugua, kwa hiyo jirani yake wa kwenye benchi namuuliza vilevile.

Neno linalonikosesha raha ni “haliniumi.” Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na kwa sababu hiyo mtu hukaa nao hadi ngozi inakunjamana kama ganda la chungwa, chuchu inaingia ndani au kutoa damu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba walau asilimia 60 ya saratani hizi zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, na vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwetu wengi bado hufika hatua ya tatu au ya nne.

Vidole vyangu havithibitishi saratani. Uvimbe mwingi si saratani, na jibu hutoka kwenye ultrasaundi na kinyama kinachopelekwa maabara. Kwa hiyo nikigusa kitu, kabla sijaandika rufaa ya kwenda Hospitali ya Bombo namuuliza atakwenda na nani. Akimtaja aliye nje, namwita aingie, akae naye, nawaeleza wote wawili.