Kutabiri mwangwi wa marudio katika data za mitetemo

Katika upimaji wa mitetemo baharini, meli hufyatua hewa iliyobanwa, na sauti yake hushuka hadi kwenye miamba, hugonga mipaka ya tabaka na kurudi juu, ambako hunaswa na vinasa sauti vilivyopangwa kwenye nyaya ndefu zinazokokotwa nyuma ya meli. Mwangwi uliogonga mwamba mara moja tu ndio unaotafutwa. Lakini uso wa bahari, kwa kuwa juu yake kuna hewa, huirudisha chini karibu sauti yote inayoufikia, hivyo sauti ileile hushuka tena, hugonga tena na kurudi mara ya pili, hata ya tatu. Huo ndio mwangwi wa marudio.

Tuchukue mahali penye kina cha meta 1,500, kina kinachopatikana nje ya pwani ya Lindi na Mtwara, ambako gesi imegunduliwa katika bahari kuu. Sauti husafiri majini takriban meta 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa sakafu ya bahari hufika baada ya sekunde 2, na marudio yake baada ya sekunde 4 na 6. Kwenye picha ya tabaka inayotengenezwa kutokana na rekodi hizo, marudio hayo hufanana na tabaka za kweli zilizo chini zaidi, na yanaweza kufunika kabisa mwangwi hafifu wa mwamba wenye gesi.

Kuyatabiri ni kukokotoa yatafika lini na kwa umbo gani, ili yaondolewe. Njia iliyoenea sana, iliyoendelezwa na watafiti Berkhout, Verschuur na wenzao huko Delft, Uholanzi, haihitaji kujua chochote kuhusu miamba, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kila marudio ni safari mbili zilizoungana kwenye uso wa maji, na kila moja ya safari hizo huwa imo tayari katika data. Kompyuta huunganisha rekodi mbili kwa kujumlisha muda wake, hurudia hivyo kwa kila mahali ambapo sauti ingeweza kuugonga uso, kisha hujumlisha matokeo yote.

Utabiri huo hupata muda sawasawa, lakini umbo la wimbi hupotoka, kwa sababu mlio wa chanzo umo katika rekodi zote mbili. Kwa hiyo kichujio, yaani hesabu inayorekebisha umbo la wimbi, huulinganisha utabiri na data kabla ya kuuondoa humo, na hapa uangalifu ni wa lazima: kichujio kilichoachiwa uhuru mwingi hufuta pia mwangwi wa kweli uliofika wakati mmoja na marudio. Marudio yanayodunda kati ya tabaka bila kufika juu huhitaji hesabu nyingine.