Mtindo Wako Umo Tayari Katika Nyimbo Ulizokwisha Kutunga

Watunzi wengi wanaoniletea nyimbo zao kwa mara ya kwanza huanza kwa kuomba radhi. Hunieleza kwamba wimbo wa kwanza una mdundo wa rege, wa pili ni wa sauti na gitaa peke yake, wa tatu unakaribiana na nyimbo za kwaya, na kwamba kwa sababu hiyo bado hawajapata mtindo wao; kisha huniuliza washike upi kati ya hiyo mitatu. Swali hilo huulizwa kwa moyo safi, lakini nimefanya kazi ya kuwaongoza watunzi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba halina jibu, kwa kuwa linachanganya aina ya muziki na mtindo wa mtu. Rege ni nyumba wanamoishi watu wengi kwa pamoja. Mtindo wa mtunzi ni mwendo wake awapo ndani ya nyumba hiyo, na ndiyo maana msikilizaji makini humtambua mtunzi yule yule hata akihamia nyumba nyingine.

Katika kazi yangu nimezoea kutenganisha mtindo na mwelekeo. Mtindo ni jumla ya mazoea yanayojirudia katika utunzi wako bila wewe kuyapanga: mahali melodi yako inapopenda kuanzia, urefu wa mistari yako, mtu unayezungumza naye ndani ya wimbo, kasi ambayo mkono wako huiangukia usipofikiri. Mwelekeo ni uamuzi unaoufanya juu ya mazoea hayo, yaani lipi utalikuza na lipi utaliacha. La kwanza huvumbuliwa kwa kusikiliza, la pili huamuliwa kwa akili timamu, na mtunzi anayejaribu kuamua kabla ya kusikiliza huishia kuvaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Zoezi ninalolitoa kwanza ni jepesi kulieleza ingawa ni gumu kulistahimili. Kusanya vipande visivyopungua 20 vya utunzi wako mwenyewe, vikiwamo vile ulivyovirekodi kwenye simu usiku ukaviacha njiani, na uvisikilize mfululizo bila kushika ala yoyote. Usivipime kwa uzuri. Andika tu unachokisikia kikijirudia. Je, sauti yako huingia kwenye pigo la kwanza la kipimo (fungu la mapigo linalojirudia katika wimbo), au hutangulia kidogo, au huchelewa? Melodi hupanda kuelekea mwisho wa mstari, au hushuka? Kiitikio kinakuja haraka, au unamkawiza msikilizaji kwa beti mbili kabla ya kumpa? Anayesema katika wimbo ni nani, naye anamwambia nani? Vipande vilivyoachwa njiani vina faida kuliko nyimbo zilizokamilika, kwa sababu wimbo uliokamilika mara nyingi umekwisha kusahihishwa ili ufanane na kitu ulichokipenda kwa wengine.

Nililifanya zoezi hili mwenyewe nikiwa nimekwisha kutunga kwa miaka sita, na matokeo yake yalinishtua. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika nyimbo za kupaza sauti, zenye kiitikio kinachopanda hadi noti ya juu kabisa niliyoweza kuifikia, kwa kuwa niliowahusudu walikuwa na sauti za namna hiyo. Vipande vyangu vya simu vilikuwa 34, na karibu vyote vilisema jambo tofauti. Melodi zilianza juu kidogo, zikashuka polepole, zikakaa chini. Kasi haikuzidi mapigo 84 kwa dakika. Na katika vingi vyake nilikuwa nikimwambia mtu mmoja maneno ambayo ningeweza kumwambia tukiwa tumeketi chumba kimoja. Nyimbo zangu rasmi zilikuwa hotuba, na vipande vyangu vilikuwa mazungumzo. Nilishusha ufunguo (kimo cha sauti ambacho wimbo hujengwa juu yake) wa nyimbo kadhaa kwa toni mbili nzima, nikaondoa ngoma katika beti za mwanzo, na kwa mara ya kwanza watu waliozisikia waliniuliza maana ya maneno badala ya kuisifia sauti.

Hilo la ufunguo linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi. Mtunzi huchagua ufunguo uliotumika katika wimbo anaoupenda, au ule ambao kodi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni nyepesi kwenye gitaa, kisha huilazimisha sauti yake iufuate. Kila sauti ina eneo dogo ambamo maneno hutoka kama yanavyosemwa, bila jitihada, na eneo hilo ni jembamba kuliko jumla ya noti ambazo mtu anaweza kuzifikia. Ukitunga ndani yake, noti chache za nje zinakuwa tukio, na msikilizaji huhisi kwamba kuna jambo limetokea. Ukitunga nje yake muda wote, hutabaki na mahali pa kupandia. Kabla ya kuamua chochote kuhusu mtindo, soma kwa sauti maneno ya ubeti wako kama unayemweleza ndugu yako, tafuta kwenye kinanda noti ambayo usemi wako unazungukia, na uanzie hapo.

Mkono nao una mipaka yake, na mipaka imewahi kuzaa mitindo mikubwa. Mpiga gitaa Django Reinhardt aliungua katika moto mwaka 1928, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuweza tena kufanya kazi kama awali. Akajenga upya upigaji wake, melodi za haraka akizipiga kwa vidole viwili vilivyobaki vizima, na upigaji huo ndio uliomtambulisha duniani. Mwimbaji na mtunzi wa Kanada Joni Mitchell alipata polio utotoni, mkono wake wa kushoto ukadhoofika, naye akazikaza na kuzilegeza nyuzi za gitaa kwa mipangilio yake mwenyewe ili aweze kushika kodi kwa wepesi. Mipangilio hiyo ikampa miunganiko ya sauti ambayo gitaa la kawaida halikuitoa kwa urahisi. Siwataji ili kuyatukuza maumivu. Ninachotaka mtunzi akione ni kwamba walitunga kutokana na kile ambacho mikono yao iliweza kukifanya vizuri, na kwamba wewe unayejua kodi nne tu una jambo la kuuliza juu ya kodi hizo nne kabla ya kukimbilia ya tano.

Kuna jambo jingine linalounda mtindo ambalo watunzi wetu hulipuuza, nalo ni lugha yenyewe. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huhama neno linaporefuka: tunasema nyúmba, lakini tunasema nyumbáni. Melodi iliyotungwa kwanza, kisha maneno yakapachikwa juu yake, mara kwa mara huliweka pigo zito kwenye silabi ya mwisho, na hapo msikilizaji husikia Kiswahili kinachoimbwa na mgeni hata kama mwimbaji hajawahi kusema lugha nyingine. Wakati mwingine maana yenyewe hupotea, kama katika barabára unayopita na jambo lililo barábara. Sisemi kwamba mkazo usivunjwe kamwe. Wapo watunzi wanaouvunja kwa makusudi na kupata ladha ya pekee, lakini aliyeamua kuvunja na asiyejua kwamba amevunja hawafanani, na sikio hulijua hilo mapema sana.

Tazama pia silabi ya m katika maneno kama mtu na mtoto. Katika neno mtu, m ni silabi kamili na ndiyo inayobeba mkazo, kwa hiyo inastahili noti yake. Baadhi ya watunzi huimeza ili neno liingie katika pigo moja, na uimbaji wao huwa wa kasi, unaokaribia usemi wa mtaani. Wengine huiacha isimame, midomo ikiwa imefungwa, na wimbo ukapata utulivu wa ghani. Hayo ni maamuzi mawili ya mtindo yaliyofichika katika herufi moja, na nimewahi kumsikiliza kijana ambaye tofauti yake yote na wenzake ilikuwa katika namna alivyoishikilia hiyo m kwa kitambo kidogo kabla ya kuiachia.

Kuhusu vina nitasema wazi zaidi. Maneno yetu mengi huishia kwa moja ya irabu tano, kwa hiyo kupatanisha irabu ya mwisho ni kazi isiyo na jasho, na wimbo uliojaa apenda, akacheka, akalala huweza kujiandika wenyewe huku mtunzi amelala. Ushairi wa jadi ulilijua hilo, ukadai kina cha silabi nzima, tena cha kati na cha mwisho, ndani ya mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, uliogawanywa nane kwa nane. Mtunzi aliyekulia katika mashairi hayo hubeba kipimo cha nane bila kujua, na melodi zake hutoka zikiwa na vipande vilivyolingana kama matofali. Kwa baadhi yao huo ndio mtindo, na nawasihi waukuze kwa kuwa una uzito wa karne nyingi nyuma yake. Kwa wengine ni zoea tu. Namna ya kujua ni kuuvunja: andika ubeti wenye mshororo wa mizani tano ukifuatiwa na wa mizani kumi na moja, uuimbe, uone kama pumzi yako imefurahi au imepotea njia.

Watu huniuliza kama waache kabisa kusikiliza muziki wa wengine ili wasiige. Nawashauri kinyume chake, waige zaidi, ila waige kwa kujua. Chagua wimbo mmoja unaoupenda mno na uupasue: hesabu vipimo vya ubeti, andika mahali besi inapoingia, tazama kama kiitikio kina maneno machache kuliko ubeti. Kisha tunga wako ukitumia umbo hilo tu, bila melodi yake wala maneno yake. Fanya hivyo kwa watunzi watano wasiofanana, na utaona kwamba katika majaribio yote matano kuna kitu kilichokataa kubadilika. Huenda ni kimya unachokiweka kabla ya mstari wa mwisho. Huenda ni tabia ya kumtaja mtu kwa cheo chake badala ya jina. Kitu hicho kilichokataa kuigwa ni chako, na hutakiona ukiwa umejifungia.

Mwelekeo huchukua muda mrefu zaidi. Mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti alikwenda London mwaka 1958 akitarajiwa kusomea udaktari, akasomea muziki. Aliongoza bendi iliyochanganya hailaifu, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, na jazi kwa miaka mingi. Na ni baada ya kukaa Marekani mwaka 1969, alikokutana na fikra za ukombozi wa watu weusi, ndipo alipojua muziki wake unataka kusema nini na kwa nani. Karibu viungo vyote vya sauti yake alikuwa navyo kabla ya safari hiyo. Kilichobadilika ni kwamba alipata jambo la kusema, na jambo hilo likaamua lugha ya kuimbia, urefu wa nyimbo na nafasi ya kila ala. Kwa hiyo, ninapomsaidia mtunzi kuchagua mwelekeo, simwulizi anataka kusikika kama nani. Namwuliza ni jambo gani ambalo amelirudia katika vipande vyake vyote 20 bila kulimaliza, kwa sababu jambo lisilomalizika lina nguvu ya kuzaa nyimbo nyingi, na lile lililokwisha kusemwa vizuri mara moja linaweza kuachwa lipumzike.

Baada ya hapo huja sehemu inayouma, ya kuacha. Mwelekeo hujulikana kwa vitu ambavyo mtunzi ana uwezo navyo lakini havitumii. Ukiwa umegundua kwamba nyimbo zako ni mazungumzo ya watu wawili, basi kwaya ya sauti nne nyuma ya kila kiitikio itakuondolea ukaribu huo, hata iwe imepangwa kwa ustadi wa namna gani. Studio ni mahali pa hatari kwa jambo hili, maana mtayarishaji mwenye nia njema ana mamia ya sauti tayari kwenye kompyuta yake, na kila moja inaongeza kitu. Nimeshuhudia nyimbo tano za mtunzi mmoja zikitoka kwa watayarishaji watano zikiwa kama za watu watano, ilhali nilipozisikia kwa gitaa tupu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Tangu hapo nawaomba watunzi waingie studio na rekodi ya sauti na ala moja pekee, pamoja na karatasi iliyoandikwa mambo matatu yasiyoguswa: kasi, ufunguo, na mahali pa kimya. Mengine yote yanaweza kujadiliwa.

Zitabaki nyimbo ambazo hazikuingia katika mwelekeo uliouchagua, na baadhi yake zitakuwa nzuri. Usizifute wala usizilazimishe. Mpe mwimbaji mwingine ule ambao sauti yake inaufaa kuliko yako, na ule ambao huwezi kuutoa uuhifadhi pamoja na tarehe ulipoutunga. Mimi huvirudia vipande vyangu vya zamani kila mwaka mara moja, navisikiliza kwa utaratibu ule ule niliouanza na vile 34, na mwaka jana kipande nilichokuwa nimekiweka kando kwa miaka tisa, kwa kuwa kilikuwa na kasi kubwa mno kwangu, kilipata beti zake mbili zilizokuwa zimekosekana.