Miguu ya binti inapovimba: kabla ya kununua vidonge vya kutoa maji, pima mkojo

Aliingia kliniki na ndara za mama yake. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa havimuingii, wiki ya pili sasa. Ana miaka 24, anauza vitambaa Kariakoo, anasimama tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Muuza dawa wa mtaani kwao alishampa vidonge vya kutoa maji, na shangazi yake alikuwa na hakika kwamba amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni. Akanipa shikamoo, akakaa, akauliza: "Daktari, mimi bado mdogo. Inakuwaje miguu inavimba kama ya bibi?"

Swali hilo nalisikia mara nyingi, na kila mara nalijibu kwa kuanza na kidole gumba. Bonyeza ngozi iliyo juu ya ugoko, karibu na kifundo cha mguu, hesabu taratibu mpaka kumi, kisha achia. Pakibaki kishimo, yapo maji yaliyotoka ndani ya mishipa ya damu yakajikusanya chini ya ngozi. Kuvimba huko kwenyewe si ugonjwa. Ni alama kwamba kuna kitu kimelegea kati ya vile vinavyoyazuia maji yasitoke. Damu ya miguuni inapaswa kupanda kwenda kwenye moyo, na inasaidiwa na vigimbi vinavyoikamua kila unapopiga hatua na vali ndogo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zinazoizuia isirudi chini. Ndani ya damu yenyewe kuna protini iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini, ambayo huyavuta maji yabaki mahali pake. Figo nazo zinaamua chumvi na maji kiasi gani yatoke kwa mkojo. Basi mguu mmoja unaweza kunipeleka kwenye moyo, ini, figo, mshipa, au kwenye kazi anayofanya mtu tangu asubuhi.

Kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni kama umevimba mguu mmoja au yote miwili.

Mguu mmoja ukivimba ndani ya siku moja au mbili, ukawa wa moto na kigimbi kinauma, nawaza damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani. Wasichana wengi huona hilo ni jambo la wazee, na hapo ndipo linapowakuta. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda. Ujauzito nao huongeza, na wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ni za hatari zaidi. Ongeza upasuaji, au siku nzima kwenye kiti cha basi kutoka Dar mpaka Mwanza. Mimi huchukua futi ya fundi cherehani nikapima vigimbi vyote viwili, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, mgonjwa haendi nyumbani kabla ya ultrasaundi ya mishipa. Ninachoomba sana hapa: mguu wa namna hii usichuliwe wala kukandwa. Bonge la damu likikatika likakimbilia kwenye mapafu, mtu anaanza kuhema ghafla, kifua kinamchoma, na anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kwa wenzetu wa ukanda wa pwani, mguu mmoja unaovimba polepole, ukapungua, ukarudi tena, unaweza kuwa mwanzo wa matende. Vijidudu vyake huenezwa na mbu na huziba njia za limfu, yaani mirija inayoondoa maji ya ziada mwilini, kwa miaka mingi kabla ngozi haijakakamaa. Zile dawa za kila mwaka za ivermektini na albendazo mnazoletewa mtaani ni kwa ajili ya hilo. Zimezeni.

Ikivimba yote miwili, mara nyingi sababu ni nyepesi, na nafurahi kusema hivyo. Kusimama saluni au benki kutwa nzima, joto la Januari na Februari, siku chache kabla ya hedhi, uzito mkubwa. Uvimbe wa aina hii huja jioni, na asubuhi ukiamka umekwisha. Tembea kidogo kila saa, panda na ushuke kwa vidole vya miguu ukiwa umesimama palepale, inua miguu juu ya mto ukilala, punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile ya kwenye chipsi, supu na vile viungo vya vipande vinavyotiwa kwenye mchuzi.

Dawa pia zinavimbisha. Diklofenaki na ibuprofeni ambazo mabinti wengi wanazimeza kila mwezi kwa maumivu ya hedhi huzifanya figo zishikilie chumvi. Amlodipini ya presha inavimbisha vifundo. Halafu kuna deksamethasoni, inayouzwa kwa siri kama dawa ya kunenepesha. Mashavu na nyonga anazozisifia muuzaji kwa sehemu kubwa ni maji na mafuta, na anayeiacha ghafla baada ya kuizoea mwilini anaweza kuzimia kwa presha kushuka.

Sasa nije kwenye mimba. Kwa kila binti aliyevimba miguu mimi huagiza kipimo cha mimba, hata akiniapia. Sifanyi hivyo kwa sababu namtilia shaka. Nimeona ninachokosa nisipofanya. Mjamzito kuvimba vifundo miezi ya mwisho ni kawaida. Lakini baada ya wiki ya 20, uvimbe ukienda na presha ya 140/90 au zaidi, na hasa ukipanda ghafla usoni na mikononi, hiyo huenda ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Kichwa kinachouma bila kupoa, kuona vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, nenda leo. Na hatari haiishi kwa kujifungua. Inaweza kumkuta mama akiwa nyumbani kwenye arobaini yake.

Yupo pia mama ambaye moyo wake unachoka mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Anavimba miguu, hawezi kulala chali, usiku anaamka anatafuta hewa dirishani. Nyumbani wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Wengine moyo uliharibika utotoni, kwa homa ya baridi yabisi iliyofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, na vali iliyobana ikajulikana siku mimba ilipouongezea moyo kazi. Anayevimba na kuhema anahitaji kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Ini nitaligusa tu: homa ya ini aina ya B, na kichocho cha tumbo kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria. Hapo kwa kawaida tumbo hujaa maji pamoja na miguu.

Narudi kwa yule binti wa Kariakoo, maana figo ndiyo kazi yangu. Nilimuuliza asubuhi anaamkaje. Akasema macho yanakuwa yamefumba kwa uvimbe, na mkojo unatoa povu lisiloisha kama la sabuni. Tukachovya kijiti kwenye mkojo, kipimo cha dakika mbili. Protini ikasoma plasi tatu. Chujio la figo lilikuwa linavuja, albumini inakwenda chooni, na maji yasiyokuwa na wa kuyashika yanateremka miguuni. Kwa umri wake nilifikiria lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe na unaowapata wanawake mara tisa zaidi ya wanaume, na VVU, na homa ya ini. Vipimo hivyo vyote vikatoka safi. Nikamuuliza anapaka nini.

Alinyamaza kidogo. Kisha akatoa kopo kwenye mkoba: mkorogo, hauna lebo, umechanganywa na dada wa duka la jirani.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 waliokuwa na figo zinazovuja protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haibaki juu ya ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu na kukaa kwenye figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo viondoke sokoni kufikia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata hicho kiasi kidogo kisiruhusiwe. Bado ninaiona. Ukisoma kwenye kopo maneno kama calomel, mercurio au ammoniated mercury, au onyo kwamba usiiguse kwa dhahabu, fedha au alumini, usiipake.

Vidonge vile vya kutoa maji alivyopewa vilikuwa vimeanza kumpunguza uvimbe, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Vinakausha miguu huku figo ikiendelea kuvuja, vinatoa potasiamu ambayo moyo unaihitaji, na kwa mwenye damu iliyoganda havisaidii chochote. Mimi pia huviandika, ila baada ya kujua navitumia kwa nini.

Aliacha mkorogo, tukampa dawa za kuzilinda figo, na mwezi hadi mwezi plasi zikapungua mpaka kijiti kikabaki na rangi yake. Si wote wanaopona hivyo. Aliyechelewa anaweza kufika kwangu figo zikiwa zimeshashindwa kazi, na hapo tunaongea habari za kusafisha damu.

Kwa hiyo ukija kwetu, njoo na kila unachomeza na kila unachopaka, hata kama hakina jina. Hatutakugombeza. Na kama umechanganyiwa, muulize kwanza aliyekuchanganyia ametia nini humo, umwambie daktari ndiye anayetaka kujua.