Fataki za Nyumbani Texas: Kuuziwa kwa Halali Si Kuruhusiwa Kuziwasha

Kila mwaka, kuanzia tarehe 24 Juni hadi usiku wa manane wa tarehe 4 Julai, na tena kuanzia tarehe 20 Desemba hadi usiku wa manane wa tarehe 1 Januari, sheria ya jimbo la Texas nchini Marekani inaruhusu vibanda vyenye leseni kuuza fataki kwa wananchi wa kawaida. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizohamia Houston, Dallas na Fort Worth kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, hununua fataki hizo (wengine tunaziita fashifashi) kwa nia njema kabisa, zikiamini kwamba bidhaa inayouzwa hadharani haiwezi kumtia mnunuzi matatani. Sisi tunaotoa elimu ya usalama wa moto tunaiona imani hiyo kuwa chanzo kikubwa cha faini ambazo zingeweza kuepukika, kwa sababu sheria inayomruhusu muuzaji kuuza ni ya jimbo, ilhali inayomkataza mnunuzi kuwasha mara nyingi ni ya jiji analoishi.

Ukitazama mahali vibanda vilipo, utaona kwamba karibu vyote vimewekwa nje ya mipaka ya majiji makubwa, kwenye maeneo yanayosimamiwa na kaunti peke yake. Majiji ya Houston, Dallas na Fort Worth yamepiga marufuku fataki za watu binafsi ndani ya mipaka yao. Jijini Houston marufuku hiyo haiishii kwenye kuwasha. Hata kuwa nazo ni kosa, na faini huanzia dola 500 hadi dola 2,000 kwa kila fataki moja. Dallas na Fort Worth nako faini yaweza kufika dola 2,000. Kiwango hicho kinaweza kuonekana kikubwa mno kwa jambo la sherehe, lakini kinatokana na sheria ya jimbo inayoyapa majiji uwezo wa kutoza hadi dola 2,000 kwa makosa yanayohusu usalama wa moto. Mzazi anayebeba mfuko wa fataki kutoka kibandani hadi kwenye nyumba yake iliyo jijini anaweza, kwa hesabu hiyo, kujikuta na deni linalozidi kodi yake ya mwezi.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wenyeji. Anwani ya posta haikuonyeshi mipaka ya jiji. Maelfu ya nyumba katika Kaunti ya Harris zina anwani inayosomeka Houston, lakini hazimo ndani ya jiji, na kwa hiyo haziongozwi na kanuni za jiji hilo. Mpaka wenyewe haukunyooka: huingia na kutoka, hufuata barabara, wakati mwingine hupita katikati ya mitaa inayofanana kwa kila kitu. Mwenye nyumba anaweza kuangalia taarifa yake ya kodi ya mali. Jina la jiji likiwa miongoni mwa wanaomtoza kodi, basi yumo ndani. Mpangaji atumie ramani ya mipaka iliyowekwa na jiji kwenye tovuti yake, au apige simu ofisi ya zimamoto ya jiji au ya kaunti na kutaja anwani yake kamili. Kumwuliza muuzaji wa kibandani si njia ya kutegemea, kwani yeye anajua sheria ya mahali alipo, si ya mahali unapokwenda.

Hata aliye nje ya jiji hana uhuru usio na masharti. Sheria ya Texas inakataza kuwasha fataki ndani ya futi 600, yaani kama mita 183, kutoka kanisani, hospitalini, shuleni au kwenye kituo cha kulelea watoto, isipokuwa taasisi husika imetoa idhini kwa maandishi. Inakataza vilevile kuziwasha ndani ya futi 100 kutoka mahali panapohifadhiwa au kuuzwa vimiminika vinavyoshika moto upesi, kuziwasha kwenye barabara ya umma, na kuzirusha kutoka ndani ya gari au kuelekea kwenye gari. Mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuuziwa. Zaidi ya hayo, vyama vya wamiliki wa nyumba na wenye majengo ya kupangisha huweka makatazo yao wenyewe, kwa hiyo mkataba wa upangaji nao usomwe kabla ya sikukuu.

Hali ya hewa nayo hubadilisha sheria. Wakati wa ukame, baraza la makamishna wa kaunti linaweza kupiga marufuku aina mbili za fataki zinazoruka, yaani roketi zenye vijiti na zile zenye mapezi, na amri ya msimu wa Julai hutakiwa kutolewa kabla ya tarehe 15 Juni. Hatari ikizidi, kaunti inaweza kutangaza hali ya maafa na kuzuia fataki zote, ingawa zuio la namna hiyo hudumu saa 60 tu gavana asipoliongeza. Kwa sababu hiyo, ruhusa uliyokuwa nayo mwaka jana si uthibitisho kwamba unayo mwaka huu.

Kuna pia fataki ambazo haziruhusiwi kwa raia popote Marekani, iwe jijini au shambani. Kanuni za serikali kuu zinataka fataki ya kulipuka chini isizidi miligramu 50 za baruti na utambi wake uwake kwa muda usiopungua sekunde 3 na usiozidi 9, ili mwashaji apate nafasi ya kuondoka. Milipuko mikubwa kama M-80 ilipigwa marufuku tangu mwaka 1966, lakini bado huuzwa kwa siri, mara nyingi bila maandishi yoyote kwenye karatasi yake. Mtu akikuletea kitu cha namna hiyo, kikatae. Usijaribu pia kusafirisha fataki kwa posta au kwa ndege, hata kwenye mizigo inayokaguliwa, kwa maana zimekatazwa kote kuwili.

Makatazo haya yana sababu. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilikadiria kwamba mwaka 2023 watu wapatao 9,700 walitibiwa kwa majeraha ya fataki na watu 8 walifariki. Vile vijiti vya waya vinavyotoa cheche, ambavyo wazazi huwapa watoto kwa kudhani ni salama, huwaka kwa joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi, na nguo ya sikukuu ya mtoto huungua kabla mzazi hajafika alipo.

Ukiwa umekwisha kuandikiwa hati ya kosa, usiitupe wala usingoje isahauliwe. Soma tarehe ya kufika mahakama ya jiji na ufike siku hiyo au kabla yake, kwani asiyefika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na kosa dogo la faini likageuka jambo zito zaidi. Mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza ana haki ya kupewa mkalimani bila kulipia, lakini mkalimani wa Kiswahili hapatikani kwa dakika moja, kwa hiyo mwambie karani wa mahakama mapema, siku kadhaa kabla ya kesi. Na kama bado hujakamilisha maombi yako ya ukaazi au uraia, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri kosa lolote.