Kasuku mdogo sio lazima awe na kelele ndogo

Wengi wetu tunaamini ukikaa fleti basi chukua kasuku mdogo, kelele zake nazo zitakuwa ndogo. Inaingia akilini, ila umbo halikwambii kitu. Konyua wa jua, yule kasuku mdogo wa njano na chungwa, ana kama gramu 110 tu, kasuku wa kijivu anafika 400, lakini huyo mdogo akipiga ukelele jirani anaupata wote, wakati wa kijivu mara nyingi ni miluzi na kuiga mlio wa simu (utakimbilia simu sana). Bajeriga, kasuku mdogo zaidi, yeye anapiga soga tu. Usiniamini mimi, nenda kamsikilize kasuku unayemtaka alfajiri au jua likizama maana ndo muda wao wa kuitana, mchana anasinzia utadanganyika, halafu toka, funga mlango, usikie kinachopenya.